Tiba ya maumivu sugu kwa miwani ya VR: mwongozo kamili kwa kliniki za Dar es Salaam

Kila siku ya kliniki, benchi la idara ya fiziotherapia linajaa watu walewale. Mama lishe wa Buguruni ambaye kiuno kinamuuma mwaka wa nne sasa. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mfupa ukaunga vizuri, lakini mguu bado unawaka moto usiku. Fundi cherehani wa Kariakoo ambaye shingo haigeuki mpaka saa nne asubuhi. Kila mmoja ana bahasha kubwa ya kaki yenye picha za X-ray, risiti na pakiti tupu za diklofenaki, na kila mmoja ameshaambiwa na mtu fulani kwamba vipimo havionyeshi kitu, kwa hiyo hana kitu.

Ni hao ninaowafikiria ninapoandika kuhusu tiba ya uhalisia pepe, au VR kama wengi tunavyosema. Mgonjwa anavaa miwani kubwa inayoziba macho yote, anajikuta yuko ufukweni au msituni. Akigeuza kichwa, mandhari nayo inageuka, huku sauti ikimfundisha kupumua, kulegeza misuli na kuyaelewa maumivu yake. Mimi ni mfiziotherapia, na neno langu kwa kliniki yoyote ya jiji hili inayotaka kuanza ni kwamba miwani inunuliwe mwisho. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo vifaa vilitangulia. Vilikuja na programu nzuri, zote kwa Kiingereza cha Kimarekani, na baada ya miezi miwili vilikuwa kabatini chini ya mabunda ya fomu, betri zimekwisha. Wagonjwa hawakuvikataa. Ni sisi ambao hatukuwa tumewaandalia cha kusikiliza.

Hatua ya kwanza: elewa unachotibu

VR katika tiba ya maumivu ilianzia kwa watu walioungua. Kuanzia miaka ya 1990, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliwavisha wagonjwa vifaa hivi wakati wa kusafishwa vidonda, na baadaye wakawapeleka kwenye ulimwengu wa theluji ambamo wanarusha mipira ya theluji. Akili ikishikwa na mchezo, nafasi ya kuyasikiliza maumivu inapungua. Tangu 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walikuwa wameeleza kwamba taarifa ya maumivu inaweza kupunguzwa nguvu kwenye uti wa mgongo kabla haijafika kichwani, na kwamba ubongo wenyewe una sauti katika jambo hilo.

Lakini kidonda kinasafishwa kwa nusu saa, kiuno cha mama lishe kinauma mwaka mzima. Maumivu yakipita miezi mitatu tunayaita sugu. Hapo mara nyingi jeraha la mwanzo limeshapona, au halitoshi kueleza ukali uliopo. Mfumo wa fahamu umekuwa mwepesi kupiga kelele, kama king'ora cha gari kinacholia hata paka akirukia boneti. Gari haliibiwi. Ila kelele ni ya kweli, na mtaa mzima haulali. Mtu wa namna hii ukimsahaulisha maumivu kwa dakika kumi, akivua miwani yanarudi naye nyumbani. Anachohitaji ni ujuzi wa kukituliza king'ora mwenyewe, na miwani iwe darasa la kujifunzia ujuzi huo.

Ushahidi tunaoutegemea zaidi unafuata njia hiyo. Novemba 2021, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa cha EaseVRx cha kampuni ya AppliedVR kitumike kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, kwa kuandikiwa na daktari na sambamba na matibabu mengine. Kina vikao 56, kimoja kila siku kwa wiki 8, kila kimoja cha dakika 2 hadi 16. Katika jaribio la watu 179, asilimia 66 ya waliokitumia walipata nafuu ya zaidi ya asilimia 30. Katika kundi la kulinganisha waliofika hapo walikuwa asilimia 41.

Zisome takwimu hizo polepole kabla hujazipeleka kwa mganga mfawidhi. Kundi la kulinganisha nalo lilivaa miwani, ila likaonyeshwa picha bapa za mandhari bila mafunzo, na bado watu wanne kati ya kumi walipata nafuu. Kukaa kimya kila siku kwa dakika chache na kujua kuna mtu anakufuatilia kuna nguvu yake. Pia washiriki wengi walikuwa Wazungu wenye elimu ya chuo, wakifanya vikao nyumbani kwao. Hatuna sababu ya kudhani ubongo wa mtu wa Temeke unafanya kazi tofauti, ila maisha yake ni tofauti, na huko ndiko programu inakoweza kukwama.

Hatua ya pili: chagua nani avae

Kabla ya kumfikiria mtu kwa VR, hakikisha daktari amemwona na ameondoa yale yasiyosubiri. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, waza kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, miguu kulegea ghafla: hiyo ni dharura, aende hospitali siku hiyohiyo. Aliyewahi kuwa na saratani na sasa ana maumivu mapya arudi kwa daktari wake. Mwenye selimundu aliyeingia kwenye maumivu makali apate dawa na maji kama kawaida, na mgonjwa anayetumia mofini ya maji asipunguziwe hata tone kwa sababu tu leo amevaa miwani.

Wapo pia wasiopaswa kuvaa kabisa, au wasivae mpaka daktari aseme: mwenye kifafa, mwenye kizunguzungu kikali, aliyeumia kichwa karibuni, anayeona au kusikia visivyokuwepo, mwenye shingo isiyo imara, mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Mwenye macho mekundu asiguse miwani hata kwa dakika moja. Jiji hili linakumbuka macho mekundu yalivyosambaa mwanzoni mwa 2024. Miwani moja inayozunguka nyuso kumi kwa siku ni njia rahisi ya kuyarudisha.

Hatua ya tatu: karatasi

Waandikie TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mapema, ueleze kifaa ni kipi na unadai kinatibu nini. Miwani ya michezo inaingia sokoni kama ya michezo. Ukishaandika ukutani kwamba inatibu maumivu, umebadilisha dai, na mamlaka hiyo inahusika. Ukitaka kukusanya takwimu ili uzichapishe, huo ni utafiti, na kibali cha maadili kinahitajika kabla ya mgonjwa wa kwanza. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ndiyo inayosimamia kitaifa. Hospitali ya serikali itanunua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, kwa hiyo sifa za kifaa ziandikwe na mtu anayekijua, la sivyo utaletewa kasha la plastiki la kuchomekea simu.

Usilichukulie kirahisi suala la taarifa. Miwani hizi zina kamera, zinarekodi mwendo wa kichwa na mikono, na nyingi zinataka akaunti ya mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na taarifa za afya zina ulinzi wa pekee. Fungua akaunti ya kliniki, kila mgonjwa awe namba, jina libaki kwenye faili. Upande wa bima, uliza kwa maandishi kabla hujapanga bei. Kama jibu halijaja, kihesabu kikao kama sehemu ya muda wa fiziotherapia uliokwisha kulipiwa.

Hatua ya nne: andaa Kiswahili chake

Hapa ndipo ningeomba uweke nguvu zako zote, kwa sababu hakuna atakayekufanyia.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili, muuguzi wa mapokezi aandike maneno ya wagonjwa wenyewe jinsi wanavyoyatamka: panawaka, panapwita, panadunga, panavuta, pamekufa ganzi, kama wadudu wanatembea, kama mtu ananikamua. Maneno hayo ndiyo yatakayoingia kwenye maelezo. Mtu akiisikia sauti inamwambia "pengine leo panapwita," anajua anazungumziwa yeye.

Kisha andika matini, na usitafsiri. Nimesikia rekodi inayomwambia mgonjwa "kuwa katika wakati uliopo," na nikamwona mzee akigeuza kichwa kutafuta ni wakati gani huo. Mpe kitu cha kukishika kwa hisi zake. Dakika mbili za mwanzo ninazotumia zinakwenda hivi:

"Karibu. Kaa vizuri, kiti kikubebe. Sikia miguu yako ilivyokanyaga sakafu. Huna pa kwenda kwa sasa. Vuta pumzi kwa pua, taratibu, moja, mbili, tatu, nne. Sasa itoe kwa mdomo, kama unapoza uji wa mtoto: usiumwage, puliza polepole mpaka sita. Kiuno kinaweza kuuma wakati unapumua. Kiache kiume. Wewe endelea kupoza uji."

Sentensi ile ya kiuno usiiondoe. Ukimwahidi mtu kwamba maumivu yatakwisha, dakika ya tatu yakiwepo atajiona ameshindwa.

Pumzi ikishazoeleka, somo linalofuata ni lile la king'ora na paka, kwa lugha hiyohiyo, dakika tano tu. Baadaye kulegeza misuli kuanzia taya hadi vidole, kisha kujiona ukifanya jambo uliloliacha kwa hofu.

Sauti iwe ya mtu mzima anayeongea kama yuko jikoni kwake, isiwe ya mtangazaji wa matangazo ya sabuni. Kiswahili kiwe cha wote. Dar ina watu wa kila mkoa, na lafudhi nzito ya upande wowote inawaacha wengine nje. Rekodi usiku, kwenye chumba chenye magodoro na mapazia, mbali na jenereta na honi za daladala.

Kuhusu picha, kamera ya nyuzi 360 juu ya mguu wa kusimamia inatosha kwa kuanzia. Iweke kama mita 1.2 kutoka ardhini, ambako ndiko macho ya mtu aliyekaa yalipo, na isisogee hata kidogo. Kamera ikitembea, mgonjwa atatapika. Ufukwe wa Kigamboni alfajiri unafaa, na msitu wa Pugu pia, ukiwa na ruhusa. Theluji waachie Seattle. Na uwe na mandhari zaidi ya moja, maana bahari haimtulizi kila mtu; muulize kwanza aliyefiwa na ndugu majini.

Video kama hiyo mgonjwa ataitazama tu, haitajibu pumzi yake kama programu kamili zinavyofanya. Kwa maoni yangu, video tulivu yenye Kiswahili kinachoeleweka inamfaa mgonjwa wetu kuliko programu ya gharama asiyoelewa neno lake.

Hatua ya tano: sasa nunua

Chukua miwani inayojitegemea, isiyohitaji kompyuta. Nunua mbili, moja ikichajiwa nyingine inafanya kazi, kwani betri hukaa takribani saa mbili. Miwani ya Meta Quest 3S ilitoka 2024 ikiuzwa kuanzia dola 299.99 Marekani. Ongeza usafirishaji na ushuru, na usisahau vitu vidogo vinavyokula bajeti: vifuniko vya silikoni vya uso, karatasi za kuvaa mara moja, pawabenki, kishikwambi cha kuonyeshea anachokiona mgonjwa, na kabati lenye kufuli. Pakua kila kitu ndani ya kifaa. Kikao kinachotegemea bando kitakatika katikati ya pumzi.

Miwani ina uzito wa takribani nusu kilo. Kwa mwenye shingo inayouma, nusu kilo puani ni nyingi, kwa hiyo mlaze kidogo kwenye kiti kinachoegemeka.

Chumba kiwe na kiti imara chenye mikono, bila magurudumu. Pazia liwe zito: jua likipiga kwenye lenzi hata dakika chache linaunguza skrini. Joto na unyevu wa Dar vina usumbufu wake: mtu ametoka juani, umemwingiza kwenye kiyoyozi, ukimvisha lenzi baridi zinashika ukungu na yeye anaona moshi tu. Mpe dakika kumi apoe, afute uso, iwashe miwani mapema ipate joto, elekeza feni usoni. Baada ya kila mtu, futa kifuniko kwa dawa iliyoruhusiwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Lenzi ni kwa kitambaa laini kikavu peke yake.

Hatua ya sita: kikao cha kwanza

Nieleze kimoja. Bibi wa miaka zaidi ya sitini, kiuno, kaja na binti yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hicho ndicho kitanitoa kiuno?"

"Hakitakitoa, bibi. Kitakufundisha kukituliza."

"Na nikiona kisichonipendeza?"

"Inua mkono. Nakivua saa hiyohiyo."

Alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama humo ndani mna majini. Swali hilo utalipata mara nyingi, na anayeliuliza anastahili jibu la heshima. Nilimwonyesha picha yote kwenye kishikwambi kwanza. Binti yake akavaa, akageuka huku na huku, akacheka. Ndipo bibi akakubali.

Ushungi wake ulikuwa wa hariri, mkanda ukawa unateleza. Tukaweka chini yake kofia ya pamba, tukatoa pini zilizokuwa karibu na sikio, tukakaza mkanda kwa nyuma, chini ya kisogo. Mwenye rasta zilizofungwa juu, mkanda upite chini ya fundo. Wigi ni afadhali livuliwe, na hapo lazima mlango ufungwe na anayemsaidia awe mwanamke.

Muda niliompa ni dakika tano. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeng'ang'ania mkono wa kiti hadi kucha zimepauka. Kwenye pumzi ya nne au ya tano vidole vikaanza kuachia, cha mwisho kikiwa kidole gumba. Akasema, "Mbona hainuki chumvi?" Akaendelea kupuliza. Alipovua, nilimuuliza kiuno. "Kinauma. Ila kilikuwa mbali kidogo." Nikaandika hivyohivyo kwenye faili.

Usizidishe dakika saba siku ya kwanza. Kila baada ya dakika mbili uliza kama tumbo linachafuka. Kwenye jaribio lile la Marekani, asilimia 20.8 walilalamikia kifaa kuwasumbua kichwani na asilimia 9.7 walipata kichefuchefu. Akimaliza, abaki amekaa. Baada ya robo saa ndipo aruhusiwe kwenda kituoni, na kama amekuja kwa bodaboda, mtu mwingine awepo.

Hatua ya saba: wiki nane za Dar

Vikao 56 vilivyofanyiwa majaribio vilifanyika nyumbani, kila siku. Mgonjwa wa Gongo la Mboto hatapanda daladala mbili kila siku kwa ajili ya dakika kumi, na ukimwazima miwani akae nayo kwenye chumba cha kupanga, umemwongezea wasiwasi wa wezi. Ninachokipendekeza ni mara mbili kwa wiki kliniki, na siku zilizobaki asikilize sauti ileile nyumbani kwa WhatsApp. Mwenye kitochi mwekee kwenye memori kadi. Mweleze wazi kwamba ratiba hii ni yetu, haikupimwa kama ile, na kwa sababu hiyo tutaifuatilia kwa makini.

Na kila kikao kiishe kwa mwendo. Hili ndilo ninaloliona likisahaulika zaidi. Dakika kumi baada ya kuvua, mwili ukiwa bado umetulia, mfanyishe jambo moja analoliogopa: kuinama kuokota kijiko, kusujudu hadi mto, kuinua ndoo yenye lita tatu. Wiki inayofuata mto unakuwa mwembamba, ndoo inapata lita nne. Asiongeze kwa sababu leo yuko vizuri, wala asiache kwa sababu leo panauma. Afuate kiasi mlichokubaliana. Dawa zake aendelee nazo mpaka daktari aliyeziandika azipunguze.

Hatua ya nane: pima

Maswali matatu yanatosha, yale ya kipimo kinachoitwa PEG. Wiki hii maumivu yalikuwa makali kiasi gani kwa wastani? Yamekuzuia kiasi gani kufurahia maisha? Yamekuzuia kiasi gani kufanya shughuli zako? Kila jibu ni kuanzia 0 hadi 10. Mzee asiyezoea namba mpe punje kumi za maharage, atenge zinazolingana na maumivu yake. Pima kabla ya kuanza, wiki ya 4, wiki ya 8, na miezi mitatu baadaye, na anayepima asiwe yule anayemvisha miwani, maana mgonjwa mwenye adabu atakupa nafuu ili asikuvunje moyo.

Kando ya namba hizo andika lengo lake moja kwa maneno yake. Kusimama jikoni mpaka wali uive. Kumpakata mjukuu. Wastani ukishuka kwa asilimia 30 au lengo likifikiwa, endeleeni. Wiki ya 4 ikifika hakuna kilichosogea ingawa anafanya mazoezi, mwambie ukweli, funga ukurasa huo na mrudishe kwa daktari mpange kitu kingine.

Kikao cha mwisho kifanyike bila miwani. Mgonjwa akae kwenye kiti kilekile, feni ikiwa inazunguka, wewe usiseme kitu. Yule bibi alifumba macho, akaweka mikono mapajani, akapoza uji wake kwa dakika sita huku nje kondakta akiita abiria wa Mbagala. Kisha akasimama, akaiokota kanga yake sakafuni mwenyewe, akaitandaza mabegani na kuuliza kama ile memori kadi anaweza kubaki nayo.